Mkanda wa kimono na velua ya Kasai: vinakutana wapi?

Mama wa Kolwezi akinunua piesi nzima ya kikwembe sokoni, zile yadi sita, hahitaji mtu amfundishe hesabu. Sehemu moja ni ya libaya. Ya pili ni ya kujifunga chini. Ya tatu inakaa juu ya kiuno, na hiyo ndiyo inayoonyesha kama mtu amevaa kweli au amejifunika tu. Hiyo ya tatu haishonwi. Inazungushwa, inafungwa, na kwenye pembe yake mara nyingi kuna franka zimefichwa.

Wajapani nao wana kitambaa cha kiuno chenye kazi ya namna hiyo. Kinaitwa obi. Ni mkanda mpana unaofungwa juu ya kimono, ile nguo ndefu ya mikono mipana ambayo watu wengi wameiona kwenye filamu. Kimono haina vifungo wala zipu. Inakunjwa upande mmoja juu ya mwingine, na kinachoishika ni kamba ndogo za ndani pamoja na obi juu yake. Kwa macho ya mgeni, kimono ndiyo nguo na obi ni pambo tu. Kwa Mjapani anayejua mavazi mambo ni tofauti: mara nyingi obi ina bei kuliko kimono yenyewe, na mtu anaweza kuvaa kimono ileile kwa shughuli mbili tofauti akibadilisha mkanda peke yake.

Kwa nini habari ya mkanda wa Kyoto iwahusu watu wa Lualaba? Kwa sababu leo, katika maduka ya kimono ya Japani, kuna obi zilizoshonwa kwa kitambaa kilichotoka Kongo: velua ya Kasai, ile ya Wakuba. Wajapani wameipa jina lao, kusa birodo, maana yake velua ya majani. Kitambaa hicho wengi hapa wanakijua, hasa familia zenye mizizi Kasai. Kuna nyumba za Manika na Dilala ambamo kimetundikwa ukutani, na kuna nyingine ambamo kimekunjwa ndani ya sanduku la marehemu nyanya na hakuna anayekumbuka kimetoka kwa nani.

Mkanda wenyewe

Zamani obi ilikuwa kamba nyembamba tu. Ilianza kupanuka katika enzi ya Edo, iliyoanza mwaka 1603 na kumalizika 1868, wakati wafanyabiashara wa mijini walipopata pesa na wake zao wakapenda kuonekana. Ikapanuka, ikarefuka, hadi ikawa vigumu kuifunga mbele, fundo likahamia mgongoni. Obi ya sherehe inayotumika sana leo, inayoitwa fukuro obi, ina urefu wa zaidi ya mita 4 na upana wa sentimita 30 hivi. Obi nzito kuliko zote, maru obi, ina nakshi pande zote mbili kutoka mwanzo hadi mwisho. Inavaliwa na maharusi, lakini wengi wameiacha kwa ajili ya uzito na bei.

Fundo nalo lina habari yake. Lile la wanawake walioolewa, la mraba mgongoni kama mto mdogo, linaitwa taiko. Inasimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na daraja la mviringo la hekalu la Kameido, mjini Edo, ambayo sasa ni Tokyo. Daraja lilipofunguliwa tena mwanzoni mwa karne ya 19, wanawake wa starehe wa mtaa wa Fukagawa walifunga mikanda yao kwa namna ya kusherehekea daraja, na mji mzima ukawaiga. Nani hapa atashangaa? Kila kikwembe kipya kinachoingia sokoni kinapewa jina na wamama kabla hata muuzaji hajajua amekinunua kwa jina gani.

Na nakshi zinasema. Korongo, yule ndege mrefu mweupe, anasemekana kuishi miaka 1000, kwa hiyo anawekwa kwenye obi ya harusi. Kobe anaishi miaka 10 000, na gamba lake linageuzwa kuwa mchoro wa pembe sita unaojirudia. Msonobari, mwanzi na ua la mti wa plamu vinawekwa pamoja kwa sababu vyote vitatu vinavumilia baridi. Kule Hakata, kusini mwa Japani, kuna obi ya mistari na alama za vyombo vya ibada ya Kibuda. Ilitolewa kama zawadi kwa serikali ya shoguni kila mwaka, ndiyo maana nakshi hiyo mpaka leo inaitwa kenjo, yaani kitu cha kutolea mkubwa. Obi ya Hakata imebanwa nyuzi sana hata ikifungwa inalia kwii kwii, na wavaaji wanaipenda kwa mlio huo.

Mji ulioachwa na mfalme

Obi maarufu kuliko zote zinafumwa Nishijin, mtaa wa mji wa Kyoto. Jina lenyewe maana yake ni kambi ya magharibi. Kati ya mwaka 1467 na 1477 kulikuwa na vita vikali Kyoto, vita vya Onin, vilivyoteketeza sehemu kubwa ya mji. Wafumaji walikimbia. Amani iliporudi, wakarudi nao, wakajenga pale ambapo jeshi la upande wa magharibi lilikuwa limepiga kambi. Mtaa wa wafumaji ukabaki na jina la vita.

Kwa karne nyingi Nishijin iliishi kwa kuvalisha ikulu. Halafu mwaka 1869 mfalme akahamia Tokyo, na wakubwa wote wakamfuata. Wateja wakaondoka kwa mkupuo mmoja. Mtu wa Kolwezi aliyeona Gécamines inaanguka miaka ya 1990 hahitaji maelezo marefu juu ya mji unaoamka asubuhi na kukuta mwajiri wake hayupo.

Mwaka 1872 wakuu wa Kyoto walichukua uamuzi: wakatuma wafumaji watatu Lyon, Ufaransa, kujifunza. Majina yao yameandikwa: Sakura Tsuneshichi, Inoue Ihei na Yoshida Chushichi. Hawakuwa wasomi, walikuwa watu wa kazi. Sakura na Inoue walirudi mwaka 1873 wakiwa na mashine za Jacquard. Yoshida alibaki kidogo ili ajifunze zaidi. Akapanda meli ya Nil kurudi nyumbani, na meli hiyo ikazama mwaka 1874 karibu kabisa na pwani ya Japani. Hakufika.

Mashine waliyoileta inastahili kuelezwa, kwani bila hiyo obi ya leo haieleweki. Kitambaa chochote kina nyuzi za wima zilizonyooshwa kwenye kitanda cha kufumia, na uzi wa kulala unaopita juu ya nyingine na chini ya nyingine. Nakshi inatokea pale mfumaji anapochagua ni nyuzi zipi za wima ziinuke kabla uzi wa kulala haujapita. Kwenye obi nyuzi za wima ni maelfu. Zamani kijana alikaa juu ya kitanda kazi yake ikiwa kuvuta kamba na kuinua nyuzi, huku mfumaji akipitisha uzi chini. Jacquard, fundi wa Lyon, aliweka mahali pa kijana huyo kadi za karatasi ngumu zenye matundu. Penye tundu, ndoano inapita na uzi unainuka. Pasipo na tundu, uzi unabaki chini. Kadi moja ni mstari mmoja wa nakshi. Obi yenye mchoro mgumu inahitaji maelfu ya kadi, zilizoshonwa pamoja kama mkeka mrefu unaozunguka. Wanaojua kompyuta wataona mara moja: tundu au hakuna tundu, ndiyo au hapana. Kompyuta za mwanzo zilitumia kadi za namna hiyo hiyo, na leo Nishijin kadi nyingi zimebadilishwa na kompyuta.

Lakini kuna mambo ambayo mashine haijayachukua. Uzi wa dhahabu, kwa mfano. Karatasi ya Kijapani inapakwa utomvu wa mti, inabandikwa dhahabu iliyopigwa nyembamba kabisa, halafu inakatwa vipande vyembamba sawa na uzi. Mfumaji anaviingiza kimoja kimoja kwa kijiti, kila kimoja mahali pake, upande wa dhahabu ukiangalia juu. Na kuna ufumaji unaoitwa tsuzure, ambamo fundi anachonga kucha zake kwa tupa zikawa na meno kama msumeno, ili azitumie kusukuma nyuzi za hariri mpaka zikae. Kucha za mtu zikiwa chombo cha kazi!

Kasai haikungoja Jacquard

Sasa turudi nyumbani. Kwa Wakuba, upande wa Mweka na Mushenge, hakuna hariri wala kadi. Kuna majani ya mti wa rafia. Jani changa linachanwa nyuzi, na urefu wa jani ndio unaoamua ukubwa wa kitambaa, kwa hiyo vipande vinatoka karibu mraba, visivyofika mita moja mara nyingi. Wanaume ndio wanaofuma kitambaa cheupe, kisicho na nakshi. Baada ya hapo wanawake wanakilainisha kwa kukitwanga na kukifikicha, kisha wanakaa na sindano.

Velua inatengenezwa hivi: mama anapitisha uzi mwembamba wa rafia chini ya uzi mmoja wa kitambaa, anauvuta mpaka ncha ndogo tu ibaki upande mmoja, halafu anakata upande wa pili kwa kisu kidogo. Hafungi fundo. Kinachoshika nyuzi ni kubana kwa kitambaa chenyewe. Anarudia hivyo, ncha kwa ncha, mpaka uso wa kitambaa unakuwa laini kama manyoya mafupi. Kipande kimoja kinaweza kula miezi mingi, kwani kinafanywa kati ya shamba na jiko. Na mchoro haujachorwa popote, uko kichwani mwake. Akifika katikati akataka kubadilisha, anabadilisha.

Wataalamu wa hesabu wamevikalia vitambaa hivi kwa makini. Mmarekani Donald Crowe, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1971, alihesabu namna za kurudia mchoro katika sanaa ya Wakuba. Hesabu inasema kuna namna 7 tu za kurudia mchoro kwenye utepe, na namna 17 za kuujaza uso mzima. Kwa Wakuba alikuta zote 7, na 12 kati ya zile 17. Mchoraji Henri Matisse, Mfaransa, alikuwa na vitambaa vyao kwenye ukuta wa chumba chake cha kazi. Na inasimuliwa kwamba wamisionari walipomwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki, katika miaka ya 1920, chombo chenyewe hakikumsisimua. Kilichomvutia ni alama ya tairi kwenye mchanga. Akaamuru ichorwe, na mchoro ukapewa jina lake.

Kitambaa hiki hakikuwa cha ukuta. Kilivaliwa. Sketi ya mwanamke wa Kikuba, iliyounganishwa vipande vingi, inafika mita kadhaa, inazungushwa kiunoni mara nyingi na kushikwa kwa mkanda. Ilivaliwa kwenye sherehe kubwa, na zaidi ya yote ilivalishwa maiti, kwa sababu mtu asiyevaa rafia wazee wake wa huko hawatamtambua. Na katika sehemu kubwa ya Kongo ya kati vipande vya rafia vilikuwa pesa. Wasongye na jirani zao walilipia mahari na faini kwa madiba, vipande vya rafia, wakati huku kwetu misalaba ya shaba ilifanya kazi ya namna hiyo. Misalaba hiyo mtu wa Katanga anaijua hata kama hajawahi kuigusa: ndiyo ile mitatu ya bendera ya mwaka 1960.

Njia ya kukutana

Japani na Kongo hazikuanza kufahamiana jana. Mapatano ya Berlin ya mwaka 1885 yaliacha milango ya biashara ya bonde la Kongo wazi kwa wote, na katika miaka ya 1930 pamba ya bei rahisi kutoka Japani iliingia kwa wingi mpaka Wabelgiji na Waingereza wakalalamika. Baada ya vita vikuu vya pili, viwanda vya Japani, vingine vya Kyoto hiyo hiyo ya obi, vilichapa kanga na vitenge vya kuuza Afrika. Halafu ikaja shaba. Mwaka 1967 kampuni ya Kijapani ilipata ruhusa ya kuchimba kusini mwa Katanga, ikazaliwa Sodimiza, na Musoshi ikaanza kutoa madini mwaka 1972. Wajapani waliondoka mwaka 1983. Wapo watu wazima Lubumbashi na Kasumbalesa ambao baba zao walikuwa kati yao.

Rafia ya Kasai, yenyewe, ilipitia njia nyingine. Reli ya BCK, iliyofika Ilebo mwaka 1928, inapita Mweka. Kwa treni hiyo watu walishuka Kamina na Tenke, wengine wakafika Kolwezi kutafuta kazi ya mgodi, na vitambaa vilikuja ndani ya masanduku yao. Vingine vilikwenda upande wa pili, kwa wachuuzi wa Kinshasa, kisha Brussels, Paris, New York, Tokyo. Mjapani aliyezoea kutazama nakshi ya mkanda hakuhitaji kufundishwa kuipenda velua. Mistari yake iliyovunjika na mraba usiokamilika vinakaa vizuri mgongoni juu ya kimono ya rangi moja. Fundi wa kule anapima kipande, anakiweka pale kitakapoonekana kwenye fundo, na sehemu nyingine ya mkanda anaijaza kwa kitambaa cha kawaida.

Shida iko kwenye karatasi. Obi iliyotoka Nishijin ina karatasi ya uthibitisho ya chama cha wafumaji, na juu yake kuna namba. Kila namba ni nyumba moja ya kazi. Mnunuzi, hata baada ya miaka 50, akisoma namba anajua mkanda ulitoka kwa nani, na bei inafuata jina hilo. Tusizidishe sifa: namba ni ya mwenye nyumba ya biashara, si ya mama aliyekaa kwenye kitanda cha kufumia. Wafumaji wengi wa Nishijin wamefanya kazi majumbani mwao wakilipwa kwa kipande, na malipo yamekuwa madogo mbele ya bei ya dukani. Wengi sasa ni wazee, na kimono yenyewe inavaliwa mara chache. Lakini hata namba hiyo ya mwenye nyumba, velua ya Kasai haina. Ikifika Tokyo inaandikwa Kuba, Kongo, basi. Kijiji hakipo, mama hayupo, mwaka haupo. Ni sawa vile mfuko wa kobalti wa Kasulo ukishafika kwa wanunuzi wa Musompo: mikono iliyouchimba imeshasahauliwa kabla ya mizani.

Na viwanda vyetu vya kitambaa karibu vyote vimekwisha. Filtisaf ya Kalemie ilifungwa, na huko Kinshasa uchapaji wa vikwembe wa Utexafrica ulikoma miaka ya 2000. Kikwembe cha leo, hata kile chenye jina la Kilingala au la Kiswahili, karibu chote kinatoka nje. Rafia ndiyo kitambaa ambacho bado kinatengenezwa hapa kutoka jani mpaka nakshi, na ndicho kinachouzwa bila jina.

Kwa familia zenye kipande cha zamani, kuna mambo machache ya kujua kabla mchuuzi hajaja na bei yake. Geuza kitambaa upande wa nyuma. Kile cha zamani kimefumwa kwa nyuzi nyembamba, kimebana, na nyuma utaona alama ndogo ndogo za sindano. Kile kilichofanywa haraka kwa ajili ya watalii kina nyuzi nene, velua yake ni chache, na mara nyingine kimepakwa chai au matope ili kionekane kizee. Viraka vya zamani vilivyoshonwa kwa uangalifu havipunguzi thamani. Mara nyingi viraka hivyo viliwekwa penye matundu yaliyotokana na kutwanga, vikawa sehemu ya nakshi.

Usikifue. Rafia ikilowa inakauka ngumu na rangi inatembea. Usikifungie kwenye mfuko wa plastiki, kwani msimu wa mvua kitaota ukungu. Kikunje kwa kukizungusha kwenye kijiti au karatasi ngumu, si kwa kukipiga mikunjo, kiweke mbali na panya na mende, kitoe kivulini mara moja moja. Na kama bado kuna mzee nyumbani anayekumbuka, andika kwenye karatasi: jina la aliyekifuma, jina la aliyetia nakshi, kijiji, ni mwaka gani hivi, na mchoro unaitwaje. Karatasi hiyo ikae pamoja na kitambaa, na picha yake ibaki kwenye simu. Mnunuzi akija, kwanza aisome.